Mtambo wa kulainisha maji ukijisafisha mara kwa mara

MAJI ya visima vingi vya Pwani ya Kenya hupitia kwenye mawe ya matumbawe na kubeba madini ya kalsiamu. Ndiyo maana sabuni haitoi povu kwa urahisi na birika hushika ukoko mweupe. Baadhi ya familia hununua mtambo wa kulainisha maji ili kuepuka adha hiyo. Hata hivyo, mtambo unaojisafisha kila siku mbili hugeuka mzigo mwingine.

Ndani yake mna punje ndogo za rezini zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kuachilia sodiamu. Punje zikijaa, mtambo huzisuuza kwa maji ya chumvi ili zianze kazi upya. Kwa kawaida shughuli hiyo hutumia kilo kadhaa za chumvi na takriban lita 150 hadi 250 za maji, ambayo humwagwa.

Jambo la kwanza ni kupiga hesabu. Mathalan, mtambo wenye uwezo wa kunasa gramu 1,500 za madini, ukipokea maji yenye miligramu 300 kwa lita, hulainisha lita 5,000. Familia inayotumia lita 500 kwa siku yafaa iuone ukijisafisha kila baada ya siku 10 hivi. Ukijisafisha kila siku mbili, kwa lita 200 kila mara, lita 800 zaidi hupotea katika siku hizo 10.

Pili, kagua kipimo kilichowekwa. Mitambo mingi kutoka Marekani hupima ugumu wa maji kwa greni kwa galoni, ilhali maabara hutumia miligramu kwa lita. Greni moja kwa galoni ni miligramu 17.1 kwa lita. Hivyo 300 huwa karibu 18. Anayeweka 36 huufanya mtambo ujisafishe maradufu. Aidha, ule unaoongozwa na saa pekee hujisafisha siku zikitimia, maji yatumike yasitumike.

Tatu, tafuta mahali panapovuja. Funga mifereji yote usiku. Ikiwa mita ya mtambo bado inahesabu, maji yanapotea. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi la choo. Ikionekana kwenye bakuli kabla ya kuvuta maji, tangi linavuja.

Nne, chunguza pipa la chumvi. Chumvi ikiganda kama dari juu ya maji, haiyeyuki vyema na punje hazisafiki. Maji hubaki magumu, naye mwenye nyumba huongeza kipimo bila manufaa. Livunje ganda hilo polepole kwa mpini wa ufagio.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo aitwe fundi. Huenda rezini imeharibiwa na chuma au klorini iliyomo majini. Ikifikia hapo, kuongeza chumvi ni kutupa pesa.