Paka hawezi kuishi kwa ugali pekee

Katika nyumba nyingi za Kipsongo na mitaa mingine ya Kitale, mbwa na paka hupewa chakula kimoja: ugali uliobaki, labda na mchuzi. Mbwa huvumilia kwa muda. Paka hawezi. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na kirutubishi hicho hupatikana kwenye nyama na samaki, si kwenye mahindi. Akikikosa kwa miezi mingi, moyo hudhoofika na macho hupofuka, na upofu huo hautibiki. Vitamini A nayo hawezi kuipata kwa sukuma wiki kama sisi. Huihitaji kutoka kwa ini, samaki au panya anaowawinda.

Si lazima ununue chakula cha dukani. Chemsha omena kidogo bila chumvi, uchanganye na ugali pamoja na maji yake, kwani taurini huyeyukia humo.

Mahindi yaliyoota kuvu usimpe mbwa; aflatoksini huharibu ini lake kama linavyoharibika letu.

Ukiona paka wako anajigonga kwenye vitu, usingoje. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.