Nyota Tano Si Hakikisho App Itafanya Kazi kwa Simu Yako

Wateja wetu wengi huangalia nyota kabla ya kupakua app ya pesa. Ni sawa, lakini usiishie hapo. Mwenye simu mpya hutoa nyota tano, ilhali kwa simu yako ya zamani app hiyo hiyo inakwama ukiweka PIN. Mwingine hutoa nyota moja kwa sababu alinyimwa mkopo, na app haina shida.

Tunakushauri ufanye hivi:

- Soma maoni mapya kwanza. Ya kabla ya sasisho la mwisho huenda yamepitwa na wakati.
- Tafuta anayetaja simu na toleo la Android kama lako. Lako liko kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu Simu.
- Sifa zinazofanana neno kwa neno, zipuuze. Huenda zimelipiwa.
- Play Store ikikuambia app haiwezi kutumika kwa simu yako, usiitafute kwa linki za WhatsApp. Matapeli huiba PIN kwa app feki za aina hiyo. Tumia USSD.

Ukishapakua, anza kwa kutuma kiasi kidogo. Nawe ukitoa maoni, taja simu yako, mwenzako atakushukuru.