Jina Refu Husomwa kwa Silabi

Katika nchi ya Masasi na Newala mikorosho ni mali ya watu. Lakini mti huo una adui wake, ugonjwa uitwao ubwiriunga. Ugonjwa huo hufunika maua na majani machanga kwa weupe kama wa unga, na maua yaliyoshikwa hunyauka yasizae. Dawa yake moja ni unga wa manjano uitwao salfa. Jina lake la zamani ni kibiriti, na vijiti vya kuwashia moto navyo vikaitwa kwa jina hilo hilo.

Dawa za shamba huja katika mifuko yenye maandishi, na pengine msomaji wa nyumbani ni mtoto wa shule. Akisoma ovyo, huweza kuleta hasara au hatari. Basi na ajue kanuni hii.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huisha kwa vokali, yaani a, e, i, o au u, kama ko-ro-sho. Herufi m huweza kusimama peke yake: m-ko-ro-sho. Maneno yaliyotoka katika lugha nyingine pengine hufunga silabi kwa konsonanti, kama mak-ta-ba na lab-da. Kwa hiyo salfa ni sal-fa, wala si sa-lu-fa. Tena mkazo wa sauti huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho.

Sasa tazama majina haya matatu:

sal-fa
sal-fa-i-di
sal-fe-ti

Mkazo wa la kwanza uko katika sal, wa la pili katika i, na wa la tatu katika fe. Mwanzo wao ni mmoja, lakini mwisho wao mbalimbali, na vitu vyenyewe ni mbalimbali. Salfa ni elementi, haikuungana na kitu kingine. Salfaidi ya shaba ni shaba iliyoungana na salfa tu, nayo ni nyeusi. Salfeti ya shaba ni shaba, salfa na oksijeni pamoja; chembe zake ni za buluu, na watu huiita mrututu. Hiyo ni sumu ikimezwa, tena hudhuru macho.

Basi mwenye kumeza silabi za mwisho huweza kutwaa kitu kingine kabisa. Asomaye na akate jina lote kwa silabi, aitamke kila moja, ndipo mfuko ufunguliwe.