Nishati ya Pipa Linalobingirika

Mzigo uletwao Mbugani, katika uwanda wa Kyela, kutoka Tukuyu huwa umeteremka takriban meta 1,000. Hata hivyo, mteremko wake wa mwisho ni wa meta moja tu: kutoka juu ya lori hadi ardhini, juu ya mbao zilizoinamishwa. Meta hiyo moja yatosha kumvunja mtu mguu.

Tuchukue mapipa mawili ya chuma ya lita 200. Moja ni tupu, lenye kilo 20 hivi; la pili limejaa dizeli, nalo lina kilo 190 hivi. Yakiachiwa kwa pamoja, lipi litatangulia? Wengi watajibu kuwa yatafika sawia, kwani vitu vyote huanguka kwa mwendo mmoja pasipo kizuizi cha hewa. Jibu hilo ni sahihi kwa kitu kinachoanguka, si kwa kinachobingirika.

Kitu kinachobingirika husonga mbele na papo hapo huzunguka. Nishati iliyotokana na kimo hugawanyika baina ya miendo hiyo miwili. Mgao wenyewe hautegemei wingi wa uzito, bali mahali uzito ulipokaa. Katika ringi ya baiskeli, ambayo watoto huiendesha kwa kijiti, karibu uzito wote uko ukingoni. Kwa hiyo nusu ya nishati huchukuliwa na mzunguko. Katika gogo la mviringo, ambalo uzito wake umeenea hadi kitovuni, mzunguko huchukua theluthi moja tu.

Pipa tupu hukaribiana na ringi: hufika chini kwa mwendo wa meta 3 na ushei kwa sekunde. Pipa la dizeli hulishinda hata gogo, maana kinachozunguka hasa ni chuma. Mafuta yaliyomo huteleza ndani yake bila kuwahi kuzungushwa. Mwendo wake huzidi meta 4 kwa sekunde, nayo nishati yake ni jouli 1,900 hivi, ambapo pipa tupu lina jouli 200 tu.

Hivyo, aliyezoea kulizuia pipa tupu kwa mguu atakutana na nishati iliyo karibu mara kumi, tena itamfikia mapema kuliko alivyokisia. Kurefusha mbao hakuipunguzi, kwa kuwa kimo ni kile kile. Humpa mtu nafasi ya kukwepa tu. Kinga iliyo bora ni kamba iliyofungwa katika lori, ikapitishwa chini ya pipa na kulegezwa kidogo kidogo kutoka juu, ili nishati iishie katika msuguano. Na chini ya mbao asisimame mtu.