Ndege wa Jangwani na Punje ya Tasbihi

Katikati ya Australia, katika mji wa Alice Springs, iko bustani ya mimea ya jangwani iliyoanzishwa mwaka 1956 na mama mmoja aitwaye Olive Pink. Nilikwenda huko kumtazama ndege ambaye kwa Kiswahili hana jina. Mimi namwita mjenga ujia. Nilikuwa nimesikia kwamba dume lake hujenga kuta mbili za vijiti zinazoelekeana, kisha mbele yake hutandaza vitu vya kupendeza ili jike livutike.

Siku ya kwanza sikumwona. Niliswali alasiri chini ya mti, na nilipokuwa nikivuta uradi, uzi wa tasbihi ukakatika. Tasbihi hiyo ya punje 99 za kijani aliniachia marehemu baba. Nikaokota mpaka magharibi yakaribia, nikapata 98.

Asubuhi nikarudi kuitafuta iliyobaki. Mlinzi wa bustani akacheka, akanionyesha kichakani ule ujia, mfupi, hauzidi hatua moja. Mbele yake palijaa mifupa myeupe, makoa makavu ya konokono, matunda mabichi ya kijani na vipande vya chupa. Na katikati, wallahi, punje ya baba.

Nikainyoshea mkono. Papo hapo dume likashuka tawini, ukubwa wa njiwa, madoadoa mwilini kama kanga, likanizomea kwa sauti kavu kama ya paka aliyekasirika. Lilipoinamisha kichwa nikaona kisogoni mwake manyoya ya waridi yamemeremeta. Nikarudi nyuma. Likaiinua punje kwa mdomo, likaisogeza kidogo, likaitazama, likaisogeza tena.

Mlinzi akaniambia ule ujia si kiota. Jike hujenga kiota chake mtini na kulea peke yake, na dume hubaki na mapambo yake. (Madume wa namna hiyo hata kwetu wapo!)

Waislamu walifika nchi hiyo zamani: wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na Baluchistan karne ya 19, na treni iitwayo The Ghan yabeba jina lao hadi leo. Labda nao waliwahi kudondosha kitu.

Nilitunga upya tasbihi kwa uzi mpya. Nikifika mwisho wa uradi, kidole changu hutafuta punje moja, kisha naendelea.