Jolo: Bandari ya Kiislamu Iliyoponzwa na Neno la Mkataba

Waislamu wa kwetu wanapozungumza juu ya ndugu zao wa Mashariki ya Mbali, aghalabu huzitaja Indonesia na Malaysia. Ni wachache wanaoikumbuka Ufilipino, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakatoliki. Hata hivyo, katika ncha yake ya kusini-magharibi umo mji mdogo wa bandari ambao ulikuwa makao ya usultani wa Kiislamu kabla ya jahazi la kwanza la Wahispania kufika katika bahari hizo. Mji huo ni Jolo. Huandikwa kwa herufi ya "j", lakini hutamkwa "Holo", kwa kuwa Wahispania ndio walioliandika jina hilo kwa matamshi yao.

Historia ya Jolo ina mafunzo mengi. Makala haya yanalishika moja ambalo linaigusa kila familia ya Kiislamu: yanayoweza kumpata mtu, na hata taifa zima, pindi karatasi inapotiwa saini hali pande mbili zimeisoma kwa maana mbili.

Kisiwa na mikondo yake

Kati ya kisiwa kikubwa cha Mindanao na pwani ya Borneo umetandazwa msururu wa mamia ya visiwa uitwao Sulu. Kaskazini-magharibi mwake iko Bahari ya Sulu, na kusini-mashariki iko Bahari ya Celebes. Katikati ya msururu huo kipo kisiwa cha Jolo, chenye urefu wa karibu kilomita 60, na mji wenye jina hilohilo umekaa katika ufuko wake wa kaskazini-magharibi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 130,000.

Kisiwa hiki kilizaliwa na volkano. Vilima vyake vingi ni vinywa vya volkano zilizolala, na wenyeji huuita mlima "bud". Uko Bud Tumantangis magharibi mwa mji, na Bud Dajo kusini-mashariki mwake. Udongo wake mweusi una rutuba, nao huzaa duriani, mangostini, nazi na kahawa. Watu wa nchi kavu ni Watausug, na maana ya jina lao ni "watu wa mkondo", yaani mkondo wa maji upitao baina ya visiwa. Pamoja nao wapo Wasama, ambao wengi wao hujenga nyumba za nguzo juu ya maji ya kina kifupi na kuishi kwa uvuvi.

Msomaji wa Kiswahili atastaajabu kusikia kwamba Mtausug naye huiita kahawa "kahawa", na anaposhukuru husema "magsukul", neno lenye asili moja na shukrani yetu. Sisi na wao tumechota katika kisima kimoja cha Kiarabu, wao kupitia njia za bahari za Asia, na sisi kupitia pepo za kusi na kaskazi. Katika migahawa ya Jolo, watu huketi na kahawa yao pamoja na sahani ya vitafunwa vya wali na nazi, kama inavyokaa jamaa barazani baada ya Alasiri.

Uislamu na usultani

Karibu na mji, katika mahali paitwapo Bud Dato, pana kaburi lenye maandishi ya Kiarabu na tarehe ya mwaka 710 Hijria, sawa na 1310 Miladia. Ni miongoni mwa alama za kale kabisa za kuwapo kwa Waislamu katika visiwa vya Ufilipino. Mapokeo ya wenyeji yasema kwamba mwaka 1380 alifika mlinganiaji aitwaye Karim al-Makhdum, akajenga msikiti katika kisiwa cha Simunul, kusini zaidi mwa msururu huo. Mpaka leo Waislamu wa Ufilipino huutaja msikiti wa Simunul kuwa wa kwanza nchini mwao.

Usultani wenyewe ulisimama katikati ya karne ya 15, chini ya Sayyid Abu Bakr, aliyetawala kwa jina la Sharif ul-Hashim. Nasaba zake zimehifadhiwa katika nyaraka ziitwazo "tarsila", neno litokanalo na silsila. Hizo ziliandikwa kwa Kitausug na Kimalai kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili. Daktari Najeeb Saleeby, mzaliwa wa Lebanoni aliyefanya kazi katika serikali ya Wamarekani, alizikusanya na kuzifasiri, akachapisha historia ya Sulu mwaka 1908. Baadaye mwanahistoria Cesar Adib Majul aliikamilisha kazi hiyo kwa kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1973 juu ya Waislamu wa Ufilipino.

Utajiri wa Jolo ulitoka baharini. Wapiga mbizi walileta lulu na kombe za chaza. Mitumbwi ilileta majongoo bahari. Na katika mapango ya Borneo vilipatikana viota vya ndege ambavyo Wachina huvila kwa supu. Waingereza walihitaji bidhaa hizo ili wazibadilishe kwa chai huko China, na kwa hiyo, tangu nusu ya pili ya karne ya 18, bandari ilijaa vitambaa, bunduki na afyuni. Haifai kuificha sehemu ya giza: biashara hiyo iliendeshwa pia kwa kazi ya mateka waliokamatwa katika visiwa vya jirani na kuuzwa sokoni Jolo. Anayeisoma historia ya Waislamu kwa haki hulisema hili pia, kwani dhulma haibadiliki jina kwa kuwa aliyeitenda ni ndugu.

Karne tatu za ngome

Wahispania waliishambulia Jolo kwa mara ya kwanza mwaka 1578. Waliiteka mwaka 1638, wakaondoka mwaka 1646. Waliichoma mwaka 1851. Ni mwaka 1876 tu walipoingia na kubaki, wakajenga mji wa ngome wenye kuta na malango, na Sultani akahamishia makao yake Maimbung, upande wa kusini wa kisiwa. Kwa takriban karne tatu, silaha hazikuweza kuitia Sulu mfukoni mwa mgeni. Kalamu ndiyo iliyofanya kazi hiyo kwa miongo michache.

Mikataba mitatu

Mwaka 1878, Sultani Jamalul Alam alitia saini hati mbili. Ya kwanza, ya mwezi Januari, ilihusu ardhi za Borneo ya Kaskazini, ambazo leo ni Sabah. Wafanyabiashara wawili, Overbeck na Dent, waliahidi kumlipa dola 5,000 kila mwaka. Hati ya Kimalai ilitumia neno "pajakan". Warithi wa Sultani husema maana yake ni kukodisha. Upande wa pili hushikilia kwamba ardhi ilitolewa moja kwa moja. Malaysia iliendelea kulipa kiasi kidogo kila mwaka hadi 2013, ilipoacha baada ya watu wenye silaha kutoka Sulu kuvuka bahari wakidai ardhi hiyo. Mwaka 2022, msuluhishi mmoja mjini Paris aliamua warithi walipwe takriban dola bilioni 14.9 za Marekani, nazo mahakama za Ufaransa zikakataa kuutambua uamuzi huo. Neno moja limewasumbua watu kwa zaidi ya miaka 140.

Hati ya pili, ya mwezi Julai mwaka uleule, ilikuwa ya amani na Hispania. Nakala ya Kihispania ilitamka kwamba Hispania ina mamlaka kamili juu ya Sulu. Nakala ya Kitausug haikuwa na uzito huo. Ilisomeka zaidi kama makubaliano ya kuwa chini ya himaya ya rafiki mkubwa. Mamlaka na himaya ni vitu viwili mbalimbali: mwenye himaya hukulinda, na nyumba ikabaki yako; mwenye mamlaka huihesabu nyumba kuwa yake.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1898. Hispania iliposhindwa vitani, iliikabidhi Ufilipino kwa Marekani kwa dola milioni 20, na Sulu ikahesabiwa humo pasi na mwenyewe kuulizwa.

Hati ya tatu ilitiwa saini Jolo tarehe 20 Agosti 1899, baina ya Jenerali John Bates wa Marekani na Sultani Jamalul Kiram II. Kosa lilelile likarudiwa. Kiingereza kilitamka mamlaka ya Marekani juu ya visiwa vyote. Kitausug kilizungumzia msaada na ulinzi. Sultani aliahidiwa dola 250 za Kimeksiko kwa mwezi, na dini kutoingiliwa. Oscar Straus, balozi wa Marekani mjini Istanbul, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba hata Sultani Abdulhamid II wa Uthmaniya aliombwa kuwapelekea Waislamu wa Sulu ujumbe, nao ukapitia Makka, kuwanasihi wasiwapige vita Wamarekani. Wakatulia. Kisha, mwezi Machi 1904, Wamarekani waliokwisha kuizima vita ya kaskazini waliutangua mkataba peke yao, wakaleta utawala wa moja kwa moja na kodi ya kichwa.

Damu iliyofuata

Mamia ya Watausug waliokataa hali hiyo walipanda Bud Dajo pamoja na jamaa zao. Machi 1906 majeshi ya Marekani yaliuzunguka mlima na kuupiga kwa mizinga. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 600 na 1,000, wakiwemo wanawake na watoto. Mwezi Juni 1913 yakatokea mauaji mengine katika mlima wa Bud Bagsak. Mwaka 1915 Sultani akatia saini karatasi nyingine, akayaacha madaraka yote ya dunia na kubakiwa na uongozi wa dini peke yake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakiwa wamedhulumiwa.

Msiba haukukoma hapo. Mnamo Februari 1974, katika vita baina ya jeshi la serikali na wapiganaji wa chama cha MNLF kilichoongozwa na Nur Misuari, mji wa Jolo uliteketea kwa moto. Familia nyingi zilikimbilia Zamboanga na Sabah, na wajukuu wao wako huko hadi leo. Baadaye vikundi vya utekaji nyara viliuchafua mji, na Januari 2019 mabomu yaliwaua watu wapatao ishirini katika kanisa kuu la Jolo, kitendo ambacho hakuna aya wala hadithi inayokihalalisha.

Siku chache kabla ya mabomu hayo, wananchi walikuwa wamepiga kura juu ya mkoa mpya wa Kiislamu wa Bangsamoro. Wapiga kura wengi wa Sulu walisema hapana, lakini sheria ilihesabu kura za majimbo kadhaa kwa pamoja, na Sulu ikaingizwa. Septemba 2024, Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliamua kwamba Sulu haimo katika mkoa huo. Kwa mara nyingine, hatima ya kisiwa iliamuliwa na jinsi ibara moja ilivyosomwa.

Funzo kwa nyumba zetu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala funga, inazungumzia kuandika. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inaelekeza kwamba mwenye wajibu juu yake ndiye aimlishe, na akiwa hawezi, msimamizi wake aimlishe kwa niaba yake. Maana yake ni kwamba anayefungwa na maneno lazima awe ameyasikia na kuyafahamu kwa lugha yake. Sharti hilo ndilo lililokosekana Jolo, mara mbili katika miaka ishirini na moja.

Nasi tuna mikataba yetu: hati za viwanja na wakfu, mikopo, nikaha na mahari, wasia, mirathi ya mayatima. Mara ngapi mama mjane huwekewa karatasi mbele yake, akaambiwa "tia dole hapa tu"? Kumsomea ni wajibu. Kuitafsiri neno kwa neno ni wajibu. Na pale zinapokuwapo nakala mbili za lugha mbili, iandikwe humohumo ni ipi itakayofuatwa ikizuka khitilafu, na nakala moja ibaki nyumbani, mahali ambapo watoto wanapajua.

Wazazi na wawafundishe watoto kusoma kwa ukamilifu, herufi za Kilatini na za Kiarabu pia, na wawazoeze kuuliza, "Neno hili maana yake nini?" Watausug hawakukosa ushujaa hata siku moja. Walichokosa siku ile ya Agosti ni mtu wao mwaminifu aliyezijua lugha zote mbili, akakaa mezani na kusema: ngojeni kwanza, hapa pameandikwa jambo jingine.