Boti za bara zinunuliwe kwa mvuto, si kwa ukubwa wa injini

Injini ya boti yenye nguvu farasi 40 ikisafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Mtera, haifanyi tena kazi ya farasi 40. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Farasi karibu 3 wamekwisha kupotea kabla boti haijaguswa. Kwenye bwawa la Hombolo, karibu na jiji la Dodoma, mwinuko unapita mita 1,000 na hasara inafika asilimia 10. Katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, karibu mita 1,880 juu ya bahari, injini hiyohiyo hupoteza hadi moja ya tano.

Hasara hiyo hujitokeza zaidi wakati wa kuondoka. Omo inainuka, tezi inazama, injini inanguruma, na boti inasukuma maji badala ya kupanda juu yake. Anayetaka kuvuta mtelezaji wa majini huiona mara moja: mtu mzima aliyeketi ndani ya maji akishika kamba anahitaji kuinuliwa kwa sekunde chache, kisha apelekwe kwa mwendo wa kilomita 35 hadi 45 kwa saa. Mvuvi mwenye samaki, barafu na watu watano ana hitaji lilelile, na askari wa doria pia. Wengi hukimbilia injini kubwa zaidi. Hilo ndilo jibu la gharama kubwa kuliko yote, na lilipaswa kuwa la mwisho.

Soko linalokua mbali na bahari

Mtera lilijengwa kwa ajili ya umeme. Hupokea maji ya mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo, huendesha mitambo yake ya megawati 80, kisha huachia maji yaende Kidatu. Lakini kwa watu wa Mpwapwa, Chamwino na Iringa Vijijini, bwawa hilo pia ni uchumi wa perege na kambale wanaouzwa Migoli na kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Iringa. Kaskazini magharibi kuna maziwa ya Singidani na Kindai mjini Singida, na Ziwa Kitangiri upande wa Iramba. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba, lililopangwa kuipatia Dodoma maji, litaongeza eneo jingine la kazi.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi nayo iko Mtumba jijini Dodoma, na huko ndiko mipango ya kuwakopesha wavuvi boti za kisasa hupangwa. Hata hivyo biashara ya injini na vipuri imejikita Dar es Salaam na Mwanza, na injini mpya huja na propela ya matumizi ya jumla. Mnunuzi wa bara hupewa kifaa ambacho hakuna aliyekipima kwenye maji yake.

Propela kwanza

Kila propela ina pichi, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingepita kwenye kitu kigumu. Pichi kubwa huipa boti nyepesi kasi ya juu. Pichi ndogo huipa boti nzito mvuto wa kuondoka. Injini iliyodhoofishwa na mwinuko hushindwa kuizungusha propela ya pichi kubwa hadi kiwango chake, hivyo hukosa nguvu hata ile iliyobaki.

Kipimo chake si cha kubahatisha. Injini nyingi za kisasa hutakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika mafuta yakifunguliwa yote. Kitabu cha injini hutaja kiwango kamili. Pakia boti mzigo wake wa kawaida, funga kipima mizunguko, kisha fungua mafuta hadi mwisho. Ikiishia 4,800, propela ni kubwa mno. Kila inchi moja ya pichi ikipunguzwa, mizunguko huongezeka kwa 150 hadi 200. Kutoka inchi 13 kwenda 11 kunaweza kuirudisha injini kwenye eneo lake la kazi. Kasi ya mwisho inaweza kupungua kidogo, lakini boti itaondoka. Propela ya mapanga manne nayo hushika maji vizuri zaidi wakati wa kuanza kuliko ya mapanga matatu.

Mtera pia ina visiki, hasa maji yanaposhuka. Panga lililopinda au kumeguka hupunguza mvuto na kutikisa mguu wa injini. Injini ikipiga kelele bila boti kusonga, kagua mpira wa kitovu cha propela. Huenda umeachia na unateleza.

Marekebisho ya gharama ndogo

Maji ya ngama yafuliwe kabla ya safari, kwa kuwa lita 100 ni kilo 100 za bure. Tangi la mafuta na abiria wasogezwe kuelekea omo. Wakati wa kuondoka, mguu wa injini uingizwe karibu na tezi ili omo ishuke mapema, kisha utolewe kidogo boti ikishapanda. Bamba lililo juu ya propela liwe takriban usawa mmoja na chini ya boti: injini ikikaa juu mno propela huvuta hewa, na ikikaa chini mno mguu hukokota maji.

Injini za kabureta huhitaji fundi anayejua jeti za miinuko, kwa sababu hewa ikipungua mchanganyiko huzidi petroli. Anayebahatisha akapunguza petroli kupita kiasi anaweza kuunguza pistoni. Injini zenye mfumo wa kielektroniki hurekebisha mchanganyiko zenyewe, lakini haziwezi kuirudisha hewa iliyokosekana.

Fursa ya fundi na duka

Dodoma ina mafundi wengi wa bodaboda na pampu za maji, na misingi ya injini hizo ni ileile. Anayetaka kuingia kwenye soko hili anahitaji kipima mizunguko, propela za pichi tatu tofauti za kuazimisha kwa majaribio, na uzoefu wa kupanga urefu wa injini. Propela ya aluminiamu hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini, na mteja akishauona mvuto uliobadilika kwenye boti yake mwenyewe hahitaji kushawishiwa.

Halmashauri, vikosi vya uokoaji na wakopeshaji wana nguvu ya kuubadilisha utaratibu huu kwa sharti moja la mkataba: boti isipokelewe hadi ijaribiwe kwenye maji itakakofanyia kazi, ikiwa na mzigo kamili, na injini ifikie mizunguko iliyoandikwa kitabuni. Muuzaji akijua kuwa atalipwa baada ya jaribio hilo, atakuja na propela sahihi. Mvuvi ataanza kulipa mkopo wake kwa boti inayoweza kubeba mzigo ulioombewa fedha hizo.